Masanduku Matatu ya Mzee Paskali

Baba yangu hakuwa mtu mkubwa. Hakuacha ng'ombe wa kugombaniwa, hakuacha kiwanja mjini, na uongozi wa kijiji aliukataa mara mbili kwa sababu, alisema, vikao vinamchelewesha kusoma. Alichoacha ni mama yetu, koti moja la reli ambalo tulimzika nalo, na masanduku matatu ya bati yaliyojaa majarida ya zamani. Wengine misiba huwagombanisha kwa mashamba. Sisi nusura tugombane kwa makaratasi.

Mimi naitwa Ritha, fundi cherehani, kibanda changu kiko Utemini, Singida mjini. Niseme mapema kwamba hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki. Baba alikuwa kinyume changu kabisa. Paskali Ntandu, mtu wa bendera stesheni ya Itigi kwa miaka thelathini na moja: treni ikiingia amesimama na bendera, ikitoka amesimama na bendera, na kati ya treni na treni anasoma. Abiria wa njia ya Kigoma walimzoea. Waliokuwa wamemaliza majarida yao walimwangushia dirishani, naye akayaokota na kuyafuta vumbi kwa kiganja, polepole, kama anamfuta mtoto uso. Baadaye alianza kununua mwenyewe, moja kila mwezi, na kila mwezi mama alinung'unika.

Yalikuwa ya kila aina: ya hadithi za picha, ya michezo, ya kilimo, ya kanisa, ya akina mama. Aliyafunga kwa mwaka, kila mwaka na kamba yake ya katani, akayafungia kwenye masanduku, na ufunguo akautundika shingoni pamoja na rozari. Alipostaafu walihamia Ihanja, kwao, akalima alizeti na uwele. Mwaka ule wa kwanza, nyumba bado haina sakafu, mchwa waliingia kabatini wakala albamu yote ya familia, wakaacha jalada tu. Masanduku ya bati hawakuyaweza. Mama alikaa siku tatu hasemi na mtu. Picha zimeliwa, majarida yamepona.

Na lile koti. Lilikuwa jeusi, zito, vifungo vya shaba, la enzi za kazi. Alilivaa kanisani, alilivaa msibani, alilivaa shambani asubuhi za Juni upepo unapokata masikio, na alilivaa pia Oktoba, jua la kukaanga karanga. Watoto wa Ihanja walimwita Mzee Treni. Mimi lilinikera kwa sababu ya kazi yangu. Bitana imechanika, kwapa limefumuka, na mwanawe ni fundi! Nilimwomba mara nyingi anipe nilirekebishe, hata kwa siku moja.

"Liache, Ritha," alikuwa akisema. "Limeshanizoea."

Alifariki Februari mwaka huu, akiwa na miaka themanini na moja. Asubuhi ya mazishi nilipewa koti nilipige pasi, maana mwenyewe alikuwa ameagiza azikwe nalo. Niliwasha pasi ya mkaa, nikaligeuza ndani nje, na mkono wangu ukapita kwenye mfuko wa kifuani. Ulikuwa umeshonwa mdomo. Nyuzi sita nyeusi, ndefu, mbaya, mshono wa mwanamume. Ndani kulikuwa na kitu bapa, kigumu, kimezungushiwa nailoni, ukubwa wake haufiki kiberiti.

Kitu kilichoshonewa ndani ya nguo, kifuani, ambacho mtu hataki mwanawe fundi akiguse, kwetu kila mtu anajua ni nini. Nilidhani ni hirizi. Na baba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kwa miaka tisa, padri akimtolea mfano kanisani! Mkasi wangu ulikuwa kwenye pochi, hatua mbili. Lakini shangazi zangu walikuwa wamejaa chumba kile, na baba mdogo Chediel alikuwa mlangoni ananyoosha mkono apokee koti. Nikawaza: nikifungua hapa, kabla jeneza halijashuka Ihanja nzima itajua. Nikalikunja. Nikampa. Nilijisifu hata, nikajiambia nimemsitiri baba yangu.

Baada ya arobaini, mdogo wangu Gasto, ambaye anafanya kazi Dodoma kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinipigia simu. Amepata mtu. Mtu huyo anafungua mgahawa wa kisasa na anataka majarida ya zamani abandike majalada ukutani, wateja wapige nayo picha. Atatoa hela nzuri kwa masanduku yote.

"Na yaliyomo ndani?" nikamuuliza.

"Dada, ya ndani atajua mwenyewe. Si atafungia karanga tu."

Wiki hiyohiyo Mwalimu Peniel wa shule ya pale kijijini alikwenda kumsalimia mama. Akaomba kwa adabu kama familia ingependa kuyatoa, kwa sababu ana chumba cha kusomea chenye rafu nyingi na vitabu kumi na viwili. Gasto alipopata habari alicheka. Alisema wanafunzi watayachana wajalidie madaftari, na kwamba mimi napenda kutoa kwa sababu sijui kupata. Basi nikasimama upande wa shule, nakiri, zaidi kwa kumkomoa Gasto kuliko kwa kupenda elimu. Ukubwa jalala, kila mmoja alitaka mimi ndiye nikamsemeshe mama.

Mama hakuwa upande wowote. Tukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Ngojeni kwanza." Akasema hivyo Aprili, akasema hivyo Mei. Gasto akachoka akampangia yule mtu siku. Angekuja naye Jumamosi, na gari.

Jumatano nikafunga kibanda nikaenda Ihanja. Nilimkuta mama chumba cha mbele, ameketi mkekani miguu ameinyoosha, sanduku la kwanza limefungwa, la pili liko wazi. Kamba za katani zilikuwa zimefunguliwa zote, rundo. Ufunguo wa baba ulikuwa shingoni mwake. Alikuwa ameinamia ukurasa hadi pua inakaribia karatasi, na kidole chake kilikuwa kinatoka picha hadi picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo ukae hapa, wewe una macho."

Badala ya kukaa, nikaanza. Nikamwambia mtu anakuja Jumamosi, yeye anafungua kamba. Nikamwambia baba aliyapanga kwa miaka, yeye anayavuruga. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Mama yangu hakusoma. Alijifunza kuandika jina lake, Agripina, kwenye elimu ya watu wazima, na zaidi ya hapo herufi hazikumpenda. Aliningoja nimalize.

"Namtafuta Hana," akasema.

Jina hilo sikuwa nimelisikia ndani ya nyumba yetu tangu nina miaka kumi na moja.

Hana alikuwa dada yetu mkubwa, mtoto wa kwanza. Ndiye aliyenifundisha kushona kifungo, kwenye ngazi za stesheni, kwa sindano aliyoichomeka kwenye nywele zake ili isipotee. Alipomaliza darasa la saba alibaki nyumbani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyasoma majarida ya baba kabla baba hajayafunga. Kwenye mojawapo kulikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu. Mnazikumbuka nyie wa umri wangu. Uso mdogo, jina, umri, anwani, na unachopenda. Hana alipiga picha kwa mpiga picha wa kupita, akapata nakala moja tu, akaituma bila kumwambia mtu.

Ilitoka. Baba aliiona stesheni, mbele ya wenzake. Walimcheka: mzee wa bendera ana binti anatafuta wanaume Tanzania nzima, na anwani ameweka ya ofisi! Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimpiga hata mbuzi, alirudi nyumbani mchana ule akamzaba Hana kofi. Moja tu. Nilikuwepo, nilikuwa napepeta mchele. Hana hakulia. Aliweka kiganja shavuni, akaingia ndani. Miezi mitatu baadaye aliugua homa siku nne, na siku ya tano hatukuwa naye.

"Albamu ilipoliwa," mama akasema, "nilimwambia baba yako, mtoto yumo kwenye majarida yako, nitafutie. Akasema hakumbuki ni lipi. Kila mwaka nikimwuliza, hakumbuki. Ufunguo hanipi. Sasa ninao. Nimemaliza sanduku moja, uso wa Hana sijauona. Ritha, mimi uso wake umeanza kunitoka. Naona nywele, naona gauni, pale katikati sipaoni."

Kumbe ndiyo "ngojeni kwanza". Kwa miezi mitatu mwanamke wa miaka sabini na saba alikuwa anapekua nyuso za watu asiowajua, moja moja, na mimi na Gasto tukabishana juu ya kichwa chake kama wachuuzi. Niliona haya. Nikakaa mkekani.

Sikuhitaji kupekua nyuso. Nilijua mwaka, na majalada yana tarehe. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeyapata ya mwaka themanini na nane yote, yametawanyika sanduku la pili na la tatu, na nikaenda nayo mwezi kwa mwezi. Mama alinikazia macho mikononi. La Julai, nyuso kumi na mbili, hayumo. La Agosti nikalifungua, na kurasa zikaachana zenyewe pale pale, kama jarida lililozoea kufunguliwa hapo.

Palikuwa na nyuso kumi na moja. Mvulana wa Tabora, msichana wa Mpwapwa, kijana wa Same mwenye miwani. Na katika safu ya kati, mahali pa uso wa kumi na mbili, palikuwa na tundu la mraba. Lilikatwa kwa wembe, kwa utaratibu, pembe nne zimenyooka. Kingo zake zilikuwa na rangi ileile ya manjano ya karatasi nzima, maana yake lilikatwa zamani sana.

Mama alipitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

"Nani amemtoa?" akauliza.

Mimi tayari nilikuwa nimejua. Mkono ulijua kabla yangu. Ule ugumu wa nailoni, ule ubapa, ule ukubwa usiofika kiberiti. Niliweka vidole juu ya tundu, na ukubwa wake ulikuwa sawasawa na nilichokishika asubuhi ile nikiwa na pasi. Nilitoka nje. Nikasimama karibu na banda la kuku nikahesabu kwa vidole. Nyuzi sita. Ni kazi ya pumzi moja kwa fundi.

Niliwaza kumficha. Ningemwambia labda panya, labda mtu aliazima. Lakini nilikwisha kunyamaza mara moja kwa kujifanya namsitiri mtu, na tunda lake lilikuwa hili. Nikarudi ndani.

"Mama, lile koti. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa. Ndani mlikuwa na kitu."

"Mlikitoa?"

"Sikukitoa. Nilikigusa nikakiacha. Nilidhani hirizi."

Aliniangalia. Halafu akacheka. Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu wa Utemini, sikutegemea kicheko. "Paskali na hirizi!" akasema. "Paskali aliyeogopa hata kumeza klorokwini!" Alicheka hadi akashika mbavu, na kicheko kilikatika katikati kikawa kilio, na kilio kile sikukisikia hata siku ya mazishi. Alilia kwa Kinyaturu. Alimlaani baba kwa jina, akamwita mwizi, akasema miaka yote ile alilala naye kitanda kimoja, mtoto wake ananing'inia msumarini ndani ya koti, na yeye anaambiwa hakumbuki.

Alipotulia nilimuuliza kama anataka tufukue. Niliuliza kweli, ningetafuta vibali, ningemkabili Chediel na padri wake. Gasto alikwisha kulijenga kaburi kwa vigae vya bluu kwa ajili ya arobaini, lakini vigae huvunjika.

Mama alifuta uso kwa pindo la kanga.

"Muacheni," akasema. "Alimpiga. Muacheni akamwombe radhi."

Jumamosi Gasto alikuja na yule mtu wa mgahawa, kijana msafi, mpole, hakuwa na kosa lolote. Mama aliwapa uji. Kisha akachukua lile jarida la Agosti, akalifungua kwenye kurasa za marafiki wa kalamu, akaliweka mapajani mwa mgeni.

"Baba, hawa utawabandika ukutani?"

"Hapana, bibi. Mimi nachukua majalada tu."

"Na hawa?"

Kijana akamtazama Gasto. Gasto akatazama kikombe.

"Hawa ni watoto wa watu," mama akasema. "Pengine mama wa huyu wa miwani mchwa walimlia picha kama mimi. Siwezi kuwauza wakafungiwe karanga."

Gasto alianza kusema jambo, nikamkanyaga mguu. Nilipomvuta uani nikamweleza habari ya tundu na ya koti, alikaa chini kwenye kinu kilicholala, akalia. Hana alipofariki Gasto alikuwa na miaka minne. Hakuwa na uso wowote wa kupoteza.

Jumatatu Mwalimu Peniel alileta mkokoteni wa punda. Mama alimpa masharti mawili tu: yasikatwe, wala yasijalidiwe madaftari; na mtu yeyote akija kutafuta uso wa mtu wake, hata kama hana mtoto shuleni, afunguliwe. Mwalimu aliyaandika kwenye karatasi, mama akaweka jina lake chini, herufi kwa herufi. Mkokoteni ulipoondoka nyumba ilibaki na mistari mitatu ya vumbi ukutani, pale yalipokaa masanduku.

Jarida la Agosti lilibaki. Jioni, jua halijazama, mama alilitoa chini ya mto akaniketisha mlangoni penye mwanga.

"Baba yako alimkata uso, maneno akayaacha. Nisomee."

Nilikuwa sijayasoma. Yalikuwa chini ya tundu, mistari minne ya herufi ndogo. "Hana Paskali, miaka kumi na saba, S.L.P. 14, Itigi. Anapenda kushona, kuimba kwaya, kusoma majarida na kubadilishana picha. Anatafuta marafiki popote Tanzania. Anaahidi kujibu barua zote."

"Hapo mwisho, rudia."

"Anaahidi kujibu barua zote."

Mama alizungusha ule ufunguo ambao sasa haukuwa na cha kufungua.

"Zilikuja," akasema. "Nyingi. Baba yako alizileta kwenye mfuko wa sukari, hata bahasha moja hakuifungua. Akasema, hasira zangu zimekwisha, mpe mtoto. Mimi nikaogopa watakuja kumchukua. Nikawashia moto wa kupikia mlenda, zote. Baba yako alidhani nimempa."

"Na Hana?"

"Hana alikuwa akiniuliza kila treni ikipita. Mama, hakuna aliyeniandikia? Nikawa namwambia hakuna."

Kisha akaniomba nianze tena kutoka juu, kwenye jina, nami nikaanza.